Karne Tatu na Nusu za Kulisaka Yai

Kwa karne nyingi, wasomi wa Ulaya hawakuamini kwamba mwanamke ana yai. Aristotle alishikilia kuwa mwanamume ndiye hutoa umbo la mtoto, na mwanamke huchangia damu tu ya kulifinyangia. Galen, daktari wa karne ya 2, alikiri kwamba mwanamke naye ana mbegu, lakini akazihesabu ovari kuwa korodani za kike, na fikra hiyo ikatawala vitabu vya tiba kwa zaidi ya miaka 1,400. Mwaka 1651 Mwingereza William Harvey alitangaza kwamba kila kiumbe hutokana na yai. Hata hivyo, yai lenyewe hakuwahi kuliona. Aliwapasua kulungu wa Mfalme Charles wa Kwanza, akachunguza mji wa mimba bila kupata kitu, na ovari akazipuuza kuwa hazina kazi.

Aliyezitazama kwa makini ni Regnier de Graaf, daktari kijana wa Delft, Uholanzi. Katika kitabu chake cha mwaka 1672 alieleza jinsi alivyopasua sungura waliopandwa, akavihesabu vijifuko vilivyopasuka kwenye ovari, yaani folikuli, kisha akahesabu mimba zilizoshika. Kwa kawaida hesabu hizo mbili zililingana. Akahitimisha kwamba folikuli nzima ndiyo yai. Lakini jambo moja lilimtatiza: vidonge alivyovikuta kwenye mirija ya uzazi vilikuwa vidogo mno kuliko folikuli zilizovitoa. Alifariki mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 32, na fumbo likabaki.

Jibu lilikuja mwaka 1827. Karl Ernst von Baer, akichunguza ovari ya jike la mbwa mjini Königsberg, aliona doa la manjano ndani ya folikuli. Alipoliweka chini ya hadubini alishtuka hata akasita kulitazama tena. De Graaf alikuwa ameiona nyumba akadhani ni mwenyeji. Yai la binadamu lina upana wa takriban sehemu 1 ya 10 ya milimita. Folikuli iliyokomaa hufikia milimita 20, na karibu yote ni maji.

Ilibaki kujulikana jinsi nyumba hiyo inavyojengwa. Mtoto wa kike huzaliwa na folikuli kati ya milioni 1 na milioni 2. Akibalehe amebakiwa na laki 3 au 4 hivi, na katika maisha yake yote ya uzazi ni mayai yapatayo 400 tu yatakayotoka. Mengine hufa kimyakimya. Folikuli huchukua miezi kadhaa kukua kabla ya kuingia kwenye kinyang'anyiro cha mwisho. Hapo, mwanzoni mwa mzunguko wa hedhi, tezi iliyo chini ya ubongo huachia homoni ya kuzichochea, na kundi la folikuli huitikia. Moja hutangulia na kumwaga estrojeni kwenye damu. Estrojeni hiyo huituliza tezi, homoni ya kuchochea hupungua, na zile zilizochelewa hukosa riziki zikanyauka. Iliyoshinda hukua milimita 2 hivi kwa siku hadi yai lake litoke.

Estrojeni ilianza kufahamika mwaka 1923, pale Wamarekani Edgar Allen na Edward Doisy walipoonyesha nguvu yake kwa kutumia majimaji ya folikuli za nguruwe. Miongo minne baadaye tiba ya ugumba ikapatikana. Carl Gemzell wa Uswidi alitumia homoni ya kuchochea folikuli iliyotolewa kwenye tezi za maiti. Bruno Lunenfeld wa Israeli alitumia ile iliyochujwa kutoka kwenye mkojo wa wanawake waliokoma hedhi, wakiwemo watawa wazee wa Italia, na mwaka 1962 mtoto akazaliwa. Kwa kuwa homoni haikupungua tena, folikuli zilizokuwa zife zikakua pamoja. Ndiyo maana dawa hizi hazimalizi akiba ya mwanamke kabla ya wakati. Ila zilileta mapacha watatu, wanne, hata zaidi, na ovari zilizovimba kwa hatari. Daktari alikuwa anaendesha gizani, akitegemea kupima homoni kwenye mkojo.

Mwangaza ulitoka kwenye altrasaundi, kipimo cha mawimbi ya sauti, ambayo Ian Donald wa Glasgow aliitangaza katika uzazi mwaka 1958. Mwaka 1972 Alfred Kratochwil wa Vienna alizionyesha ovari kwa mawimbi hayo, na kufikia 1979 Mjerumani Hackelöer na wenzake walithibitisha kwamba ukubwa wa folikuli huenda sambamba na kupanda kwa estrojeni. Hapo awali mgonjwa alilazimika kujaza kibofu ili picha ionekane. Katika miaka ya 1980 kikaja kifaa cha kupitia ukeni, kilicho karibu zaidi na ovari, na sindano ya kuvuna mayai ikafuata njia hiyohiyo. Kabla ya hapo, Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani wa yai lililorutubishwa nje ya mwili, aliyezaliwa Oldham Julai 1978, alitokana na yai moja lililokua bila dawa na kuvunwa kupitia tumboni. Uganda ilipata mtoto wake wa kwanza wa urutubishaji wa nje ya mwili mwaka 2004, Kenya mwaka 2006.

Leo, katika kliniki ya Nairobi au ya London, kipimo ni kilekile: folikuli ngapi, milimita ngapi. Zikifika takriban milimita 18, mgonjwa huchomwa sindano ya kukomaza mayai, na baada ya saa 36 hivi huvunwa. Lakini kioo cha altrasaundi huonyesha maji tu; yai halionekani. Kati ya folikuli 12, baadhi hazitatoa yai, nyingine zitatoa lisilokomaa, na katika yatakayorutubishwa si yote yatakayofika kwenye mji wa mimba. Mke na mume wanaotajiwa idadi nzuri wana haki ya kufurahi, na wana haki pia ya kuuliza swali la pili: kwa umri huu, mayai mangapi kati ya hayo hutarajiwa kuwa mazima? Daktari mkweli atawajibu kwa makadirio, kwa sababu hadi sasa hakuna kipimo cha folikuli kinachoweza kuwapa hakika.