Mzigo wa Mtu Mmoja

Kazi yangu ni kuwapeleka wageni wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere kwenye viwanja vya ndege ndogo, na mizani ya ndoano haikosekani garini mwangu. Kampuni nyingi za ndege hizo huruhusu kilo 15 kwa abiria, mkoba wa mkononi ukiwemo. Begi nalo liwe laini, kwa kuwa nafasi ya mizigo chini ya tumbo la ndege ni finyu, na sanduku gumu halibonyei. Wageni huiona sheria hiyo kuwa mpya. Sisi wa Kisaki, jirani na hifadhi, tumeishi na vipimo vya mizigo tangu enzi za misafara.

Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipopita mwaka 1857, Zungomero, hapa bondeni kwetu, palikuwa kituo kikubwa cha misafara ya bara. Mbung'o waliua punda, hivyo bidhaa zilipanda begani mwa mtu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Mtumba wa nguo ulikazwa kwa kamba na kufungiwa fito ndefu ubavuni. Mpagazi akichoka aliuegemeza kwenye mti, kisha akaupokea tena bila kuuinua kutoka chini. Aliyeubuni aliujua vizuri mgongo wa mbebaji.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia havikuujali mgongo huo. Septemba 1916, kamanda Mjerumani Lettow-Vorbeck alipopambana na wanajeshi wa Afrika Kusini hapa Kisaki, pande zote zilitegemea wapagazi, wengi wao wa kulazimishwa. Katika vita vile, Afrika Mashariki ilizika makumi ya maelfu yao, waliouawa zaidi na kuhara damu, malaria na njaa kuliko risasi. Januari 1917 mwindaji Mwingereza Frederick Selous aliuawa vitani Beho Beho, ndani ya hifadhi ya leo, na wageni wangu huomba kupelekwa kaburini kwake.

Hatimaye reli ya TAZARA, ya Tanzania na Zambia, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilipita hapa na kubeba kwa behewa mizigo iliyobebwa zamani kwa mabega.

Anayeniuliza anunue begi gani, namwambia achukue la turubai, lisilo na magurudumu, alipime likiwa tupu, kisha alinyanyue mwenyewe likiwa limejaa. Halafu namsimulia habari za wapagazi. Selous amewekewa jiwe. Na wao wanastahili lao, hapa kituoni Kisaki, ili kila anayeshuka na mzigo wake alisome.