India na maneno ya kuifungulia

"Uchumi unaoibukia", ndivyo magazeti yetu yanavyoiita India. Kinachoibuka hutoka chini ya maji, jana hakikuonekana. Lakini India tumeijua karne nyingi, na ushahidi umo vinywani mwetu: laki, hundi, bepari, yote yalivuka bahari kutoka huko. Bepari wa Kigujarati alikuwa mfanyabiashara tu, kabla siasa zetu hazijamgeuza mnyonyaji. Mimi nachagua "unaoinukia". Anayeinuka alikuwapo, ila alikuwa ameketi.

Husemwa pia kwamba mwaka 1991 India iliingia "soko huria". Huria, kama katika Chuo Kikuu Huria, humkaribisha kila ajaye. Je, ndivyo ilivyokuwa? Bajeti ya Waziri wa Fedha Manmohan Singh, ya tarehe 24 Julai, ilishusha ushuru wa juu kabisa wa forodha hadi asilimia 150. Asilimia 150, na huko ndiko kushusha! Mgeni naye aliruhusiwa kumiliki hadi asilimia 51 ya hisa, tena katika viwanda vilivyoteuliwa tu. Hapo hapana uhuria, pana kulegeza. Kamba iliyolegezwa bado imefunga, na neno "ulegezaji" linasema hivyo bila kupamba.

Kabla ya hapo kiwanda kikubwa hakikuweza hata kutanuka bila idhini ya serikali. Mfumo huo tumeutafsiri "utawala wa leseni". Leseni tuijuayo ni karatasi iliyotundikwa ukutani dukani. Haina uchungu wa kungoja. Ruksa nayo haifai. Ingawa rukhsa ya Kiarabu ni hiyohiyo leseni, kwa Watanzania, tangu enzi za Mzee Ruksa, Ali Hassan Mwinyi, ni neno la kufunguliwa. Napendekeza "utawala wa vibali". Kibali kimezaliwa na kukubali: lazima awepo mtu wa kukubali, na mtu huyo aweza kukataa.

Limebaki refu kuliko yote: "uwekezaji wa moja kwa moja kutoka nje". Hilo si istilahi, ni sentensi iliyokosa kitenzi. Tena aliyehamia moja kwa moja harudi kwao, ilhali fedha hizi hurudi. Tuseme "mtaji mgeni": hubisha hodi, hupokelewa, na huweza kuaga. Wahariri wa kurasa za biashara, lijaribuni.