Maandishi Mawili ya Kifungo cha Tabora

Katika kumbukumbu za Misheni yetu, miaka ya vita ya 1914 hadi 1918 husimuliwa upesi mno: mapadre walichukuliwa, shule zikakaa kimya, kisha amani ikarudi. Lakini wawili katika waliofungwa waliandika waliyoyaona, nasi tumeona vema kuyasoma maandishi yao pamoja, maana wote wawili walikuwa watu wa Kiungani.

Wa kwanza ni Padre E. F. Spanton, mkuu wa Chuo cha Mtakatifu Andrea. Vita ilimkuta upande wa bara, katika nchi ya Wadachi, ndivyo wazee wetu walivyowaita Wajerumani. Kitabu chake cha kifungo cha miaka miwili kilichapwa London mwaka 1917, vita ingali ikiendelea; na hasira yake ingali ya moto.

Wa pili ni Martin Kayamba, Mbondei, aliyezaliwa Mbweni mwaka 1891 akasomeshwa Kiungani. Yeye hakuwa padre wala askari. Alikuwa Tanga akifanya biashara yake, naye akakamatwa. Habari zake zilitoka mwaka 1936 katika kitabu cha maisha ya Waafrika kumi, kilichotengenezwa na Bibi Margery Perham.

Msomaji asidhani kifungo chao kilikuwa kimoja. Wazungu walitiwa kazi za mikono mbele ya watu ili heshima yao ishuke, na hilo liliwachoma sana. Hata hivyo walikuwa wafungwa wa vita, na serikali yao iliuliza habari zao. Bali mwalimu aliyezaliwa Ubondei alihesabiwa kuwa mtu wa Mdachi. Akishukiwa kuwapelekea Waingereza habari, basi huyo ni haini. Kwa sababu hiyo makasisi na walimu Waafrika walitiwa mnyororo shingoni, wakaunganishwa mtu na mwenziwe. Anayetaka kuketi hana budi kuwangoja wenziwe waketi. Wako waliokufa katika hali hiyo, wala hawakuacha hata barua moja.

Mlango wa Tabora ulifunguliwa tarehe 19 Septemba 1916, jeshi la Wabelgiji lilipoingia mjini.

Sisi twasikitika kwa neno moja. Kayamba alijua sana kuandika Kiswahili: mwaka 1932 alitoa kitabu chake, Tulivyoona na Tulivyofanya Ingereza, cha safari ya 1931, nacho kilisomwa na wengi huku kwetu. Lakini simulizi ya kifungo ilichapwa kwa Kiingereza, na ile ya Padre Spanton vivyo hivyo. Hivyo mtoto wa shule ya Magila aliweza kusoma habari za London kwa lugha yake, asiweze kusoma habari za mnyororo uliovaliwa na mwalimu wa babu yake.