Safari ya Garsen wakati wa vuli: Uliza hali ya mto kwanza

ANAYEPANGA kupumzika Garsen mwisho wa wiki wakati wa vuli, kati ya Oktoba na Desemba, asitazame mawingu ya hapo pekee. Mto Tana, ulio mrefu kuliko yote nchini, hupokea maji ya Mlima Kenya na Aberdare. Hivyo mafuriko huweza kuufikia mji ilhali anga ni kavu. Novemba 2023, mvua za El Nino zilikatiza barabara ya Garsen kwenda Lamu, upande wa Gamba.

Kutoka Malindi ni takriban kilomita 110 za lami. Ulizia hali ya barabara siku ya kuondoka, safiri mchana, na ubebe chandarua.

Hazina ya eneo hili ni delta ya Tana, iliyotambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2012 na yenye ndege wengi wa majini. Kaskazini, kandokando ya mto, huishi mbega wekundu wasiopatikana kwingineko duniani. Mtoni usiingie mtumbwi bila mwenyeji: viboko na mamba wamo.

Asiyelazimika kusafiri vuli angoje Januari hadi Machi, wakati wa kiangazi.