Kuvuka Mwaka Mlimani: Mapumziko ya Theluji Yalivyoanzia Kitandani mwa Mgonjwa

Wengi wetu tulimjua John Silver na kasuku wake kupitia Kisiwa chenye Hazina, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Robert Louis Stevenson iliyofanywa na Frederick Johnson enzi za ukoloni. Jua, bahari, jasho la mabaharia! Ukikisoma kitabu kile hudhani hata kidogo kwamba sehemu yake ya mwisho iliandikwa katikati ya theluji, na mtu aliyekuwa akikohoa.

Stevenson alikuwa Davos, mji ulio bondeni mashariki mwa Uswisi, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hakwenda kutalii. Mapafu yalikuwa yanamsumbua, na madaktari walimwambia hewa ya mlimani huenda ikamwongezea siku. Basi akafunga virago na mkewe Fanny, mtoto wake wa kambo Lloyd, na mbwa wao. Walikaa huko misimu miwili ya baridi, ule wa 1880 hadi 1881 na ule wa 1881 hadi 1882. Mara mbili familia ile iliuona mwaka mpya ikiwa imezungukwa na theluji.

Leo tukisikia familia ya Ulaya inapanga kwenda milimani kufunga mwaka, kinachotujia kichwani ni pesa: hoteli, chokoleti ya moto, watoto wenye kofia za sufu wakiteleza, fataki saa sita usiku. Ni kweli, safari hizo si za kila mtu. Lakini ukiuliza nani alianza kuwapeleka watu kwenye baridi kwa hiari yao, wakati akili ya kawaida inasema ukae karibu na moto, jibu halianzii kwa matajiri waliochoka kukaa nyumbani. Linaanzia kwa wagonjwa wa kifua kikuu.

Mwaka 1853 alifika Davos daktari mmoja Mjerumani, Alexander Spengler, mkimbizi wa mapinduzi yaliyoshindwa ya 1848 na 1849. Akapewa kazi ya udaktari wa kijijini. Akagundua jambo: wenyeji wa bonde lile ni kama hawaugui kifua kikuu kabisa, ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza watu mijini. Akahitimisha kwamba dawa ni hewa yenyewe. Februari 1865 wakaja Wajerumani wawili wagonjwa, Hugo Richter na Friedrich Unger, wakitaka kupona katikati ya baridi kali. Hebu fikiria wenyeji walivyowatazama. Wageni walijulikana kwa kuja kiangazi, si wakati barabara zimezibwa na theluji! Lakini wawili wale walipata nafuu. Richter akabaki, akawa muuza vitabu na mchapishaji hukohuko.

Baada yao akaja Willem Jan Holsboer, Mholanzi aliyewahi kuwa nahodha wa meli kisha mtu wa benki mjini London. Alimleta mkewe kijana mwaka 1867, naye akafariki baada ya miezi michache. Mwingine angeukimbia mji ule asirudi tena. Holsboer alibaki, akashirikiana na Spengler kujenga nyumba ya kupokea wagonjwa, kisha akahangaikia reli mpaka ikafika Davos mwaka 1890. Kabla ya hapo, mgonjwa aliyeshuka kwenye treni kule Landquart alikuwa bado na masaa mengi ya kupanda mlima kwa gari la farasi. Reli ambayo leo inapandisha watalii ilitokana na jitihada za mjane wa kiume.

Wanaopenda hadithi tamu zaidi watakutajia St. Moritz, ng'ambo ya milima. Inasimuliwa kwamba mwaka 1864 mwenye hoteli Johannes Badrutt aliwawekea dau wageni wake Waingereza: rudini wakati wa baridi, msipoliona jua nitawalipia nauli. Ati walikuja Krismasi wakaondoka Pasaka, ngozi zimeungua kwa jua. Hadithi hii huwafaa sana wenye hoteli, kwa kuwa haina mtu anayekohoa. Davos haina bahati hiyo. Huko kila njia ukiifuata unakutana na mgonjwa.

Mchukue Arthur Conan Doyle. Desemba 1893 wasomaji wake walipata msiba wa kubuni: Sherlock Holmes alitumbukia kwenye maporomoko ya Reichenbach, kulekule Uswisi. Msiba wa kweli ulikuwa ukimnyemelea nyumbani. Mkewe, Louisa, alikuwa amegundulika na kifua kikuu, na madaktari walimpa miezi michache tu. Doyle akampeleka Davos. Mgonjwa akawa anapumzika kwenye hewa baridi. Mume, mwenye mwili wa mchezaji na moyo usiotulia, akatafuta la kufanya. Akaagiza skii, mbao ndefu za kuteleza zilizokuwa zikitumika Norway, akajifunza kwa kuanguka na kuinuka. Machi 1894, akiongozwa na ndugu wawili wa Davos, Tobias na Johann Branger, akavuka mlima mpaka Arosa. Kule hotelini, Tobias ndiye aliyemwandikisha kitabuni, na kwenye nafasi ya kazi akaandika kwamba mgeni huyu ni mwanamichezo.

Desemba ya mwaka huohuo Doyle alichapisha habari za safari ile katika jarida la The Strand, akitabiri kwamba siku moja Waingereza kwa mamia watakwenda Uswisi kuteleza. Utabiri ulitimia kupita alivyodhani. Miaka michache baadaye Henry Lunn, aliyewahi kuwa mmisionari wa Kimethodisti India, alikuwa akisafirisha Waingereza kwa makundi kwenda kwenye theluji, na mwanawe Arnold Lunn ndiye aliyeandaa shindano la slalomu ya kisasa kule Mürren mwaka 1922. Wenye afya wakawa wamekirithi kitanda cha wagonjwa.

Kwa muda mrefu makundi haya mawili yaliishi pamoja, na hapo ndipo fasihi iliponoga. Thomas Mann alikwenda Davos mwaka 1912 kumtazama mkewe, Katia, aliyekuwa akitibiwa huko. Alikaa wiki chache. Kilichozaliwa ni riwaya ya The Magic Mountain, iliyotoka kwa Kijerumani mwaka 1924, ambamo kijana Hans Castorp anakwenda kumwona binamu yake kwa wiki tatu, anakaa miaka saba. Mwanzoni kabisa Castorp anaambiwa kwamba kwenye nyumba ya wagonjwa ya Schatzalp, iliyo juu zaidi, maiti hushushwa wakati wa baridi kwa kigari cha kuteleza. Schatzalp ipo kweli. Ilifunguliwa mwaka 1900, na baada ya dawa za kifua kikuu kupatikana katika miaka ya 1940, wagonjwa walipungua, nayo ikageuzwa hoteli. Siku hizi watoto huteleza na vigari vyao kutoka palepale, wakicheka.

Je, hewa ile ilitibu? Robert Koch alitangaza mwaka 1882 kwamba kifua kikuu husababishwa na bakteria, na bakteria hauawi na mandhari nzuri. Hata hivyo imani ya mlimani ilisafiri mbali, ikafika mpaka kwetu: Kibong'oto, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, imekuwa mahali pa kutunza wagonjwa wa kifua kikuu tangu miaka ya 1920.

Sisi huku, usiku wa tarehe 31 Desemba, makanisa hujaa mkesha, na asubuhi salamu ni ileile: tunamshukuru Mungu ametuvusha. Kuvuka mwaka, kwa Kiswahili chetu, ni kama kuvuka mto wenye mamba. Nadhani wageni wa kwanza wa Davos wangetuelewa upesi kuliko wanavyoweza wajukuu zao wanaochagua hoteli kwa kutazama picha. Familia zile zilipopanga safari ya baridi, swali lilikuwa moja: je, mwakani tutakuwa wangapi mezani?

Stevenson aliondoka Davos mwaka 1882 akiwa na riwaya iliyokamilika, akaishi miaka 12 zaidi. Na Louisa, aliyepewa miezi michache? Alifariki Julai 1906. Hesabu mwenyewe: baada ya madaktari kumkatia tamaa, aliuona mwaka mpya mara 13.