NJIA YA MISAFARA YA UJIJI: TUWAAMBIE NINI WATOTO WETU?



Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Amma baad.

Ndugu wazazi na wanafunzi, hapa Kamenge watoto hutuuliza mara kwa mara: Uislamu ulifikaje Burundi, nchi iliyo mbali hivi na bahari? Jibu fupi ni kwamba ulikuja kwa miguu. Jibu refu linahitaji moyo.

Njia yenyewe ilianzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi Tabora, ikavuka mto Malagarasi na kuishia Ujiji, ukingoni mwa Tanganyika. Ni zaidi ya kilomita 1,200. Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858 hawakugundua njia yoyote. Waliwakuta wafanyabiashara wa pwani na Waarabu wameshaizoea. Kutoka Ujiji mitumbwi ilipanda kaskazini hadi Rumonge na Uzige, ambako ndiko Bujumbura ya leo.

Mwaka huu, wakati wa likizo, tuliwachukua wanafunzi wakubwa wa madrasa kwenda kuiona. Tulipitia Rumonge na Nyanza-Lac, tukavuka mpaka kuingia Manyovu, kisha Kigoma na Ujiji. Wengi walitazamia kuona barabara pana. Walichokiona ni kijia cha mtu mmoja kinachopita kati ya mashamba, kinapotea kwenye mihogo, kinaonekana tena mbele. Alama iliyobaki wazi ni miembe mikongwe, kwani watu wa misafara walikula maembe na miti ikaota walikopita na walikopiga kambi.

Mwanafunzi mmoja akauliza: "Ustadhi, magari yao yalipita wapi hapa?" Swali zuri. Magari hayakupita. Mwaka 1877 mmisionari Mackay alifungua barabara ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa, kiasi cha maili 230. Mbung'o wakawaua ng'ombe, na magari yakaachwa njiani. Wamisionari wa London waliofika Ujiji mwaka 1878 walifika kama wengine wote, mizigo yao ikiwa juu ya mabega ya watu. Ndiyo maana njia ni nyembamba, kwa sababu gari lake lilikuwa mwanadamu. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walifuatana mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi. Hao walikuwa watu wa ujira.

Lakini wapo waliopita njia hiyohiyo bila ujira, shingo zao zikiwa katika minyororo na makongwa. Pembe za ndovu zilikwenda India, Ulaya na Marekani. Watu walikwenda kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba na kwingineko. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini huku bara biashara iliendelea miaka mingi baadaye.

Hapa ndipo baadhi yetu hunyamaza. Wengine husema hayo ni maneno ya wamisionari tu. Ndugu zetu, tusiwadanganye watoto. Ni kweli wamisionari na wakoloni waliitumia habari hii kuupiga vita Uislamu, na ni kweli machifu na wafanyabiashara wasio Waislamu nao waliuza watu. Lakini waliokuwamo ni pamoja na watu waliosali kama sisi. Muhammad bin Khalfan, maarufu Rumaliza, aliyekuwa na nguvu Ujiji, alijaribu kuingia Burundi katika miaka ya 1880, na watu wa Mwami Mwezi Gisabo wakamzuia. Babu zetu wa milimani walikuwa na haki ya kujilinda. Hii ni sababu mojawapo ya Uislamu kubaki kwanza kandoni mwa ziwa, kisha, baada ya Wajerumani kujenga kituo chao Usumbura mwaka 1897, kwenye mitaa ya mjini.

Je, dini ina lawama? Someni Suratul Balad. Allah anataja njia ngumu ya mlimani, na anapoifafanua, jambo la kwanza ni kumwacha huru mtumwa, kisha kumlisha yatima na masikini siku ya njaa. Sayyidna Abubakar (R.A.) alimkomboa Bilal kwa mali yake. Basi yule aliyefunga watu minyororo katika njia ya Ujiji alikuwa ameipa mgongo njia aliyoonyeshwa na Mola wake, hata kama alisali safu ya mbele.

Shahada ilipita humo, mnyororo nao ukapita humo. Kiswahili tunachosomeshea kilipita humo pia. Hatuwezi kuchukua kimoja na kukificha kingine, kwa sababu mtoto atakisikia shuleni au mtaani, na atajiuliza kwa nini mwalimu wake wa dini alimficha.

Tunawaomba wazazi wayazungumze haya nyumbani. Muulizeni mtoto: leo mtumishi wetu wa ndani analipwa kwa wakati? Anakula tunachokula? Kijia cha Ujiji kinafifia, lakini ile ya Suratul Balad bado iko wazi mbele yetu.

Wabillahi tawfiq.