Mlango wa Mathias Mnyampala

Wengi humtaja marehemu Mathias Mnyampala kwa ngonjera, wakadhani kuwa ushairi ndio uliomwingiza vitabuni. Sivyo ilivyokuwa.

Alizaliwa mwaka 1917 huko Ugogo, mbali na mvumo wa bahari. Alisomesha, akafanya ukarani, akapanda hadi uliwali na uhakimu. Kama watungaji wengi wa zama zile, tungo zake zilitoka katika Mambo Leo, gazeti la Serikali lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923. Ukurasa wa mashairi wa gazeti lile ulikuwa baraza: mtu hufumba akiwa Tanga, akafumbuliwa na wa Tabora asiyemjua kwa sura. Lakini gazeti husomwa likafungiwa karanga.

Kitabu alikipata kwa mlango wa mila. Mwaka 1954 Eagle Press, chapa ya East African Literature Bureau iliyoundwa mwaka 1948, ilitoa Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Mambo ya mahari, ng'ombe na mirathi alizaliwa ndani yake, na kazi za namna ile humkalisha mtu na wazee. Mwaka ule ule, chapa ile ile ilitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, ya Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji. Naye aliutanguliza ujuzi, diwani ikafuata nyuma katika jalada moja. Sisi wa pwani, tunaopenda kudhani kuwa bahari ni sharti la ushairi, kanuni za vina na mizani tuliandikiwa na mtu wa ziwa. Sioni haya kulisema.

Diwani ya Mnyampala ilitoka mwaka 1963, miaka tisa baada ya Wagogo wake. Ngonjera za UKUTA zilianza kutoka mwaka 1970, naye amekwisha kufariki mwaka 1969.

Nayataja haya kwa ajili ya vijana wa Manzese, wanaouliza asiye na shahada wala mjomba kwa mchapishaji aanzie wapi. Mmoja wao, muuza mitumba, aliniletea daftari zima la mbalamwezi na mawaridi. Nikamwuliza robota huchaguliwaje kabla halijafunguliwa. Alinieleza hata adhana ya magharibi ikatukuta. Katika daftari lile hamna hata beti moja ya robota.